Naongea Kiingereza fiti, mbona Listening na Reading ndizo zinaniangusha?

Swali limetoka kwa dada mmoja nesi wa Kakamega, ni kuhusu IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa watu wanaotaka kwenda ng'ambo, na OET, mwenzake wa watu wa afya. Nimelifupisha kidogo: "Mwalimu habari ya Kisumu. Nimefanya IELTS Academic mara mbili nikitafuta kwenda kufanya kazi Uingereza. Speaking nilipata 7.5, Writing 6.5, lakini Listening 6.5 na Reading 6.0, mara zote mbili karibu vile vile. KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, Kiingereza nilikuwa na A-. Gazeti nasoma, muvi naangalia, moki nimefanya mpaka nimechoka. Shida yangu ni gani? Nihamie OET? Na nichague kufanya kwa kompyuta ama kwa karatasi?"

Sista, Kisumu ni salama, joto tu ndio kawaida yake. Pole kwa hizo safari mbili, najua hiyo ada ya mtihani si pesa ya kuchezea na kuna watu nyumbani walikuwa wanangojea habari nzuri.

Wacha tuanze na hesabu juu naona umejiweka kwa kundi la watu hawajui Kiingereza na hauko huko. NMC, yaani baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, wanataka 7 kwa Reading, Listening na Speaking, na 6.5 kwa Writing. Kwa hivyo mbili ushamaliza. Zilizobaki, kila moja ina maswali 40, na kwa kawaida ukipata kama 30 sahihi uko kwa bendi, yaani alama, ya 7, ukipata kama 23 uko kwa 6. Inapanda inashuka kidogo kulingana na mtihani wenyewe lakini haiendi mbali. Maanake ni kwamba unatafuta maswali kama saba kwa Reading na matatu manne hivi kwa Listening, basi. Kiingereza kizima hakihitaji kuanzwa upya. Na hayo maswali saba mimi nina uhakika mkubwa yako wapi, juu nimeona watu wengi wakiyaangushia mahali pamoja.

Unakumbuka 2021 vile Mutahi Kagwe, akiwa Waziri wa Afya, alisema wauguzi 300 walifanya mtihani wa Kiingereza wa kwenda Uingereza na 10 tu ndio walipita? Watu walicheka wiki mzima. Mimi sikucheka. Hao ni watu wamefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, wameandika ripoti za wodi kwa Kiingereza, wameomba hata mikopo ya benki kwa Kiingereza. Lakini fikiria hivi: wewe kwa maisha yako yote ya shule ulishawahi kufanya mtihani wa kusikiliza? KCSE haina. Ile Paper 1 inapima mambo ya kuongea na kusikiliza kwa karatasi, unaulizwa mkazo uko kwa silabi gani na unajibu kwa biro, chumba kimya kabisa, hakuna mtu anakuchezea sauti yoyote. Nilifundisha hiyo kitu miaka mingi upande wa Vihiga na sikuwahi kubeba redio darasani hata siku moja, na sikuona kama kuna kitu kinakosekana. Mara yako ya kwanza kupimwa masikio ilikuwa siku ulipolipa IELTS.

Sasa shida yenyewe. Sisi tunasikiliza na kusoma kwa kujaza. Mgonjwa akikwambia nusu ya sentensi, ile nusu ingine unaijua, umeisikia mara mia, unaandika unasonga. Kwa kazi yako hiyo ni akili. Kwa mtihani ndiyo inakumaliza, juu anayetunga maswali anajua utajaza, na ameweka mtego hapo hapo utakapojazia. Chukua hilo jambo moja tu, mengine yote nitakayoandika hapa chini yanatoka hapo.

Twende Listening. Sehemu ni nne, jumla kama dakika 30, na kila kitu kinachezwa mara moja pekee. Ya kwanza ni watu wawili kwa mambo ya kawaida kama kukodisha nyumba, ya pili ni mtu mmoja anaelezea kitu, ya tatu ni wanafunzi na mwalimu wanajadili, ya nne ni lekcha. Watu huogopa ya nne. Mimi huwaangalia ya kwanza, juu hapo ndipo pana alama za bure na Wakenya wengi wanaziacha mezani.

Mfano, herufi. Mtu anatajiwa jina herufi moja moja. Sisi Kiswahili kimekaa ndani, sauti "ii" ni herufi i, mwisho wa maneno. Lakini kwa Kiingereza hiyo ni E. Ukisikia "ei" mkono unataka kuandika e, kumbe ni A. "Ai" ndio I, na Mwaustralia akikutajia A yake inakaribia hiyo "ai" kabisa. Mwingereza akitaja R hasemi "ara" kama mwalimu wako wa darasa la pili, anasema "aa", na wewe unaandika A. Jina kama Hardie likitajwa na Mwingereza linatoka "eich, ei, aa, dii, ai, ii", liandike haraka bila kufikiria alafu uangalie umeandika nini. Nimeona mtu ana digrii akiandika kitu hata yeye mwenyewe hakuweza kusoma. Hii inaisha kwa wiki mbili ukimpa mtoto wako ama jirani akutajie majina kutoka kwa orodha, mradi ataje kwa hizo sauti za Kizungu na si za kwetu.

Saa pia. Mwingereza akisema "half seven" anamaanisha dakika thelathini baada ya saba yake, yaani yetu ni saa moja na nusu, si nusu ya kuelekea saba. Na "thirteen" na "thirty", hapo sikiliza nguvu ya sauti imeangukia mwanzo ama mwisho.

Alafu kuna ule mchezo wa kubadilisha jibu. Ushawahi kununua viatu soko la Kibuye Jumapili? Mama anaanza 600, wewe unasema 250, anasema haiwezekani labda 450, unageuka kuondoka, anakuita 350, mnamalizia 320 na soksi. Ukiulizwa viatu ulinunua pesa ngapi hutasema 600 eti juu ndio bei ya kwanza ulisikia. Lakini kwa Listening mtu anasikia "Tuesday" anaandika Tuesday, anafurahi, anaacha kusikiliza, na sekunde mbili baadaye yule mtu kwa kanda anasema kumbe siku hiyo hapatikani tufanye Thursday. Ukisikia jibu, weka kalamu karibu lakini usiachilie masikio mpaka wahamie jambo lingine.

Kubwa kuliko zote kwa upande wa masikio ni vile Kiingereza cha wenyewe kinameza. Sisi kila silabi ina haki yake, tunasema kom-fo-ta-bo, ve-je-ta-bo, tunatamka yote bila ubaguzi. Wao wanasema "kamftabl" na "vejtabl", silabi moja inapigwa nguvu zingine zinakanyagwa. Kwa hivyo neno unalijua, speling unaijua, na bado likipita hulitambui kabisa. Watu wanaita hiyo shida ya lafudhi wanakimbia kuangalia muvi. Muvi ina picha, ina maandishi chini, ina muziki wa kukwambia sasa lia, na unajaza kila kitu kutoka kwa picha. Redio inayocheza ukisonga ugali nayo haikusaidii hivyo, nasema na najua kuna walimu wenzangu watabisha.

Dawa ni imla. Ndio, ile imla ya primary. Chukua sauti ya mtu anaongea kawaida, BBC wana mazungumzo mafupi ya kujifunza Kiingereza ambayo maandishi yake yamewekwa pamoja na sauti, kata sekunde 30 tu, sikiliza, andika kila neno, rudia mara nne tano, alafu ndio ufungue maandishi ulinganishe. Sasa hapa ndio kazi yenyewe iko: kila kosa jiulize limetoka wapi. Neno silijui? Neno nalijua lakini sikulitambua likimezwa? Nilijaza kitu ambacho hakikusemwa? Ama nimesikia vizuri nikakosea speling? Andika kwa daftari. Baada ya wiki mbili utaona kundi moja limejaa kuliko mengine, na kwa watu wa huku kwetu mara nyingi ni hilo la pili. Ukilijua kundi lako unajua cha kufanya. Sekunde 30 zitakuchukua kama dakika 20 siku za kwanza, usishangae, na utakasirika.

Speling usidharau, ukikosea herufi jibu limeenda. Ya Uingereza na ya Marekani zote zinakubalika. Na s ya wingi, kama nafasi inataka "books" na umeandika "book" umekosa, kwa hivyo ule muda mfupi wanakupa kusoma maswali kabla sauti ianze usiutumie kupumua, utumie kuangalia hapa panataka nini, nambari, jina, wingi, kitendo. Wakisema maneno yasizidi mawili na ukaandika matatu, pia umekosa hata kama yote ni kweli.

Reading sasa, ambapo uko na 6.0. Vifungu vitatu, vyote pamoja ni maneno kama 2,150 mpaka 2,750, dakika 60, na hakuna muda wa ziada wa kuhamisha majibu. Hapa kujaza ndiko kunaua watu wazima wenye akili zao, hasa kwa yale maswali ya True, False na Not Given. Nikupe mfano, nitaandika kwa Kiswahili ili uone akili ya swali bila lugha kukusumbua. Tuseme kifungu kinasema hivi: Fukusi, wale wadudu wadogo, waliachiliwa kwenye Ziwa Victoria upande wa Kenya mwaka wa 1997 ili wale gugumaji, na miaka michache baadaye gugumaji lilikuwa limepungua sana, ingawa baadhi ya wanasayansi wanaona hali ya hewa ya El Niño ya 1997-98 pia ilichangia.

Sentensi ya kwanza: fukusi waliletwa kabla ya mwaka wa 2000. Hiyo ni True, hakuna ubishi. Ya pili: wanasayansi wote wanakubaliana ni fukusi pekee waliopunguza gugumaji. False, juu kifungu kimesema wako wanaotaja El Niño. Ya tatu: gugumaji liliwaletea hasara wavuvi wa Kisumu. Wewe umefika ufuo wa Dunga, umeona mashua zimekwama kwa yale majani, umesikia wazee wakilia, unajua ndani ya moyo wako ni kweli, na unaandika True. Umekosa. Kifungu hakijasema neno moja juu ya wavuvi. Ni Not Given.

Na wewe kati ya watu wote hii haifai kukusumbua, kwani nyinyi manesi si mnaambiwa kila siku kitu ambacho hakijaandikwa kwa faili hakijafanyika? Basi kifungu ni faili ya mgonjwa. Ulimpa dawa, unajua ulimpa, hata mgonjwa anajua, lakini kwa faili hakuna, basi hukumpa. Soma kila kifungu na hayo macho. Kabla ya kuandika False, weka kidole chako kwa maneno yanayopinga ile sentensi. Kidole kikikosa pa kukaa ni Not Given, songa, usitafute mara ya tatu. Watu wakifikisha mara ya tatu wanaanza kutunga.

Ndio maana gazeti halijakusaidia. Gazeti la hapa linaongea mambo unayoyajua, siasa, gavana, mgomo, unasoma kichwa na habari yote unaijaza mwenyewe. Soma vitu huvijui na huvipendi. Mawe, historia ya vioo, ndege wa New Zealand, vile nyuki wanaelekezana. Nenda ile maktaba ya taifa hapo Kakamega siku yako ya ofu, chukua jarida lolote la sayansi, chagua makala imekuboesha kuanzia kichwa, kisha ukimaliza kila aya andika maneno matatu pembeni ya hiyo aya inasema nini. Kwa karatasi yako lakini, si kwa jarida la serikali. Andika kwa lugha yoyote, hata Kiluhya, hakuna anayesahihisha. Hiyo tabia ya maneno matatu ndiyo itakusaidia kwa yale maswali ya kuchagua vichwa vya aya, na kwa yale ya "habari hii iko aya gani", ambayo hayafuati mpangilio wa kifungu na ninashauri uyaache mwisho ukiwa tayari umekizunguka kifungu chote. True na False na wenzake zinafuata mpangilio, jibu la swali la tano litakuwa chini ya la nne, kwa hivyo huna haja ya kurudi juu kila mara.

Utaambiwa na kila mtu usisome, pitisha macho tu utafute majibu. Kwa mtu wa 5 labda. Kwa mtu anayetaka 7 nimeona inawaangusha, juu maswali magumu yanauliza mwandishi alimaanisha nini, na huwezi kujua kama hukumsoma. Soma haraka kifungu chote dakika tatu hivi, alafu ndio uende kwa maswali. Muda ugawe bila usawa, kama 17 kwa cha kwanza, 20, na 23 kwa cha mwisho, juu vinazidi kuwa vigumu. Wengi wenu mnakaa dakika 28 kwa kifungu cha kwanza mkitafuta swali moja limejificha, na hayo maswali saba yako nashuku matano yamo kwa kifungu cha tatu ambacho hukukimaliza. Jibu la kubahatisha halikatwi alama, kwa hivyo nafasi tupu ni dhambi.

Kuna vineno vidogo pia. "Few nurses" na "a few nurses" si kitu kimoja, ya kwanza inalalamika kwamba ni wachache mno, ya pili inasema wapo kadhaa. "Hardly" haina uhusiano na kufanya kwa bidii. Na swali karibu kila mara litatumia neno tofauti na la kifungu, kwa hivyo ukiona neno la swali limekaa kwa kifungu vile vile lilivyo, shuku kwanza.

Kuhusu moki. Sista, kupima presha kila saa si kutibu presha. Umefanya moki ishirini na alama haisongi juu baada ya kila moja unaangalia umepata ngapi, unahuzunika, unafungua ingine. Moki moja kwa wiki mbili yatosha, asubuhi, simu imezimwa na muda umewekwa, alafu siku mbili zinazofuata ni za kurudi kwa kila swali ulilokosa mpaka uone ulijaza wapi. Tumia mitihani halisi ya zamani ile Cambridge wanachapisha, achana na maswali ya kuokota okota mtandaoni, mengine majibu yake yenyewe yana makosa. Na mtu akikwambia ana likeji, yaani mtihani ulioibwa, anauza, huyo anauza hewa. Kama uko naiti usijilazimishe, siku ya kutoka kazini fanya imla ya sekunde 30 pekee ulale, vifungu vingoje siku ya ofu. Miezi miwili ya hivi kabla hujalipa tena.

OET: NMC wanaikubali, wanataka B kwa Listening, Reading na Speaking, na C+ kwa Writing. Ni ya watu wa afya, Listening inaanza na mazungumzo ya mgonjwa na mhudumu ukijaza noti, na Reading inaanza na maandishi manne mafupi ya mada moja, maswali 20 kwa dakika 15, mbio tupu. Misamiati ni yako, hiyo ni faida kweli. Lakini ule ugonjwa wa kujaza utahama na wewe, na pengine utazidi, juu sasa mgonjwa kwa kanda akianza kueleza maumivu ya kifua wewe ushamaliza daignosisi kabla aseme ni upande gani. Na Writing na Speaking ambazo umepita utazianza upya kwa mtindo mwingine. Mimi ningebaki IELTS mara moja zaidi. Kwa wengine mnaofanya C1 Advanced ya Cambridge, nyinyi sauti mnachezewa mara mbili, lakini mara ya pili iwe ya kuhakikisha, ukiifanya ndio ya kusikiliza kwa makini umechelewa.

Kompyuta ama karatasi, kama kituo chako kinatoa zote. Kwa karatasi unapewa dakika 10 mwisho wa Listening kuhamisha majibu, kwa kompyuta ni dakika 2 tu za kuangalia, watu wanaogopa hiyo. Lakini kwa kompyuta unavaa hedifoni zako, sauti unaipandisha mwenyewe, hakuna feni ya dari wala pikipiki nje, na kwa Reading unaweza kupaka rangi maneno kwa kifungu huku maswali yakiwa pembeni. Kwa mtu ambaye maswali yake yanapotea masikioni nasema kompyuta, bora uwe unataipu bila kutafuta herufi. Ripoti za wodi pale kwenu mnaandika kwa mkono ama kwa mashini? Kama ni kwa mkono anza kutaipu imla zako kuanzia leo.